Niliwasingizia Wazee wa Lamu, Nikaunguza Halua ya Arusi

Kosa ni langu peke yangu, wala simtafuti wa kunisaidia kulibeba. Nililifanya nikiwa mtu mzima, mwenye ndevu na kiti changu mwenyewe kazini. Hicho kiti ndicho kilichoniponza.

Miaka ya themanini shemeji yangu alikuwa na jiko la halua mjini Malindi, akaniweka mimi niwe msimamizi. Tulikuwa wanne. Kazungu, mwenyeji wa kijiji cha Ganda, ndiye aliyesonga. Athman, mtoto wa ami yangu, alitwanga iliki. Bakari alichochea kuni. Na mimi, bwana mkubwa, nilionja!

Anayejua halua anajua kazi yake. Ukishatia wanga, sukari na samli kwenye ile sufuria kubwa, mwiko hausiti mpaka iive, na mwiko wenyewe ni mrefu kama kasia. Ukisita kidogo tu, inashika chini. Sufuria moja hula saa mbili nzima za bega la mtu.

Kazungu alikuwa akisonga sufuria tatu kwa siku. Kwa nini yeye? Kwa sababu alisonga vizuri na hakuwa na maneno. Athman nikimpa mwiko alianza kulalamika kabla hajaushika, na mamake angekuja kunisema nyumbani. Basi mwenye bidii nikamwongezea, mvivu nikampunguzia. Nikajiona hodari wa kuongoza watu, kumbe nilikuwa hodari wa kukwepa kelele!

Siku moja Kazungu akaniambia, "Bwana, bega lanivuta. Athman na anipokee kidogo, nami nitwange iliki."

Ombi la haki kabisa. Lakini Athman ningemwambiaje? Ndipo ulimi ukanitangulia. "Haiwezekani. Halua haibadilishwi mkono. Wazee wetu wa Lamu walisema, ikibadilishwa mkono humletea nuksi aliyeiagiza."

"Wazee gani hao, bwana?"

"Wa zamani," nikamjibu, nikachota halua kidogo nikaonja.

Uongo mtupu! Niliuzua palepale nimekaa. Lakini kwa kuwa babu yangu alitoka Lamu, nani angenibishia? Athman aliushika msemo ule kama aya. Nami nikawa namtuliza Kazungu kwa sifa. "Simba wa Ganda!" namwambia kila asubuhi. Sifa hazina gharama, jamani, na hazichui bega.

Ikaja arusi ya Mambrui. Bi Mwanaisha alikuwa anamwoza bintiye wa pekee, na wageni walikuwa wanatoka Lamu, watu ambao halua wanaijua kwa harufu tu. Aliagiza sufuria tatu, azichukue Alhamisi alasiri. Shemeji akanishika mkono akaniambia, "Hii ikiharibika, Mambrui nzima hatuna mteja tena."

Alhamisi ikafika, na sufuria ya kwanza ikatoka salama. Ya pili ilikuwa imeanza kushikana na kung'aa, mara nikasikia kimya. Nikageuka. Kazungu amesimama, mkono umening'inia, na mwiko umesimama peke yake katikati ya sufuria.

"Mkono haunyanyuki, bwana," akasema.

"Athman! Shika mwiko!"

Athman akarudi nyuma, mikono mgongoni. "Mimi? Nimletee bibi arusi wa watu nuksi? Si wewe uliyesema haibadilishwi mkono?"

"Bakari!"

"Mambo ya wazee mimi siyaingilii," akasema Bakari, akaendelea kuchochea kuni zake.

Hapo palitakiwa neno moja tu: nilidanganya. Neno moja! Lakini nilitamke mbele ya Athman? Nikasimama natafuta uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza, na halua yafuka moshi. Nilipokuja kuurukia mwiko mwenyewe, kanzu nimeikunja kiunoni, ilikwisha kushika chini. Ikanirukia mikononi, nikapiga mayowe, nikasonga hivyo hivyo, wapi! Na ya tatu hakukuwa na wa kuisonga.

Alasiri Bi Mwanaisha akaja, akachukua kisu akaijaribu ile ya pili. Kisu kikabaki kimesimama.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "mimi nimeagiza halua, wewe waniuzia lami? Wageni wangu wanywe kahawa kavu, kana kwamba wamekuja matangani?"

Shemeji alinitoa kwenye kiti siku hiyo hiyo, akaniacha nibaki kama kibarua. Kwa muda mrefu nikipita sokoni naitwa Bwana Lami. Hilo nilistahili.

Tangu siku ile Kazungu hakuonekana kazini. Siku ya nne nikafunga sukari na majani ya chai, nikaenda Ganda. Nikamkuta ameketi nje ya nyumba, mkewe analima peke yake na palizi haijafika hata nusu. Akainuka, akanipa mkono wa kushoto.

"Niwie radhi, bwana," akasema. "Wa kulia haufiki."

Yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi! Machozi yakanitoka. Nikamwambia ukweli wote, kwamba hakuna mzee yeyote wa Lamu aliyesema vile.

"Nalijua," akasema. "Hata watu wa Lamu wana mabega."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama kidogo. "Nilisema, bwana. Si nilikwambia wewe?"

Nikachukua jembe nikalima mpaka adhuhuri, na nasikia kesho yake mkewe alilazimika kuirudia palizi yangu yote.

Bega lilichukua miezi kupona, na halikupona lote. Aliporudi, ni yeye aliyetupangia zamu. Tukawa tunaweka kaseti ya taarabu, upande mmoja ukiisha, mwingine anaupokea mwiko. Athman alilalamika, na alisonga. Mimi pia nilikuwa na zamu yangu, na Bakari aliicheka. Tukawa tunatoa sufuria nne kwa siku badala ya tatu. Nikikumbuka kwamba dawa ilikuwa hiyo tu, naona haya mpaka leo. Mambrui hawakununua kwetu tena.

Ewe uliyewekewa watu chini yako, mtazame yule asiyekusumbua. Usimrundikie kazi kwa kuwa yu kimya, wala usingoje apige kelele ndipo umsikie. Pengine alikwisha kukwambia, mara moja, kwa adabu.