Kikingio cha Panga la Jirani

Mimi si mtu wa kutulia. Majira yale ya baridi, kiwanda cha vyuma nilichofanyia kazi huku ughaibuni, Scarborough, kilipopunguza watu, nilizunguka sebuleni mpaka mke wangu akasema, "Mume wangu, hebu tafuta cha kufanya, zulia litatoboka."

Cha kufanya kikaja chenyewe. Jirani yetu wa ghorofa ya saba, mzee Mfilipino, alibisha hodi ameshika panga alilorithi kwa baba yake. Kwao ndilo kisu cha kila kitu: nazi, mifupa, muwa. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na wiki ile vidole viliteleza kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali. Alishonwa nyuzi nne. Binti yake aliapa kwamba likimkata tena, analitupa.

"Niwekee kikingio," mzee alisema kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. "Kipande cha shaba tu, vidole visivuke." Akanionya kwamba mpini umeshikizwa kwa utomvu wa mti. Niuloweke kwenye maji ya moto, nibadilishe maji, ningoje ulegee wenyewe. Huenda ikachukua siku nzima.

Siku nzima! Kikingio nilikichonga kwa tupa, na sisemi uongo, kilipendeza. Kisha nikabandika birika, nikaloweka mpini, nikauvuta. Wapi! Nikaenda dirishani, nikarudi, nikavuta tena. Birika la tatu halijachemka uvumilivu ukaniishia. Nikatoka kibarazani na mtungi wangu mdogo wa gesi, nikaupasha moto ule mzizi wa panga, pale chuma kinapoingia mpinini. Mpini ukachomoka mara moja, nikacheka peke yangu.

Ndipo nikaona rangi. Buluu ilikuwa inatambaa juu ya chuma, ikitoka mpinini kuelekea ncha, na mpaka nalitosa majini ilikuwa imeshapita katikati. Kwa miaka yote ile ya kufanya kazi ya chuma, nilijua fika maana yake: panga limelainika, na ugumu aliolipa mhunzi wa kwao siwezi kuurudisha. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Hata hivyo nilifunga kikingio, nikarudisha mpini, nikampelekea kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Mzee alikipapasa kikingio, akanishukuru mara tatu, akachukua nazi pale pale jikoni, akaipiga. Nazi ilipasuka, lakini makali yakajikunja. Akapitisha kidole gumba pale palipojikunja.

"Ulitumia moto."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Binti yake, aliyekuwa amesimama kando, akalichukua panga, akalijaribu kwenye kiganja chake, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Baba, sasa halina hatari," akasema. "Kaa nalo tu."

Mzee akalitoa mikononi mwa bintiye, akanisukumia mimi.

"Lichukue wewe," akasema. "Mimi nilitaka linalokata."