Nilimwombea Toba Haramia wa Redio

Mzee Mwingereza ninayemtunza hapa Edmonton aliniambia kwamba ujanani alikuwa haramia, akiishi melini. Sanduku la chuma lililo chini ya kitanda chake nikaamini lina bunduki. Nikamleta mchungaji wetu amwongoze kutubu kabla hajafa.

Mzee alisikiliza maombi yote, kisha akaniambia nifungue sanduku. Ndani niliona maikrofoni yenye kutu na balbu kubwa kama papai.

“Vilikuwa vya mtambo wetu,” akasema. “Serikali ilitunyima kibali cha redio, tukarusha muziki kutoka baharini. Ndiyo maana tuliitwa maharamia.”

Mchungaji akanigeukia. “Sasa dada, nimemwombea toba ya nini?”

Nilikosa pa kuficha uso.

“Endeleeni tu,” mzee akasema taratibu. “Miaka mingi sijaombewa na mtu.”