Sweta la Mume Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure. Nikinunua sato nafunua mashavu yake mbele ya mwenye meza, na akinuna nahamia kwa jirani yake. Mgeni akiniambia ameshiba, naangalia sahani. Mama yangu mzazi alikuwa akisema mimi hata shikamoo naigeuza kwanza nione upande wa ndani ndipo niitikie. Na kazi yangu imenikomaza: nafuma masweta ya shule kwa mashine, sebuleni kwangu hapa Mkolani, na mfumaji anaishi kwa kutafuta kosa. Kitanzi kimoja kikiachia kwapani, baada ya wiki mbili mtoto ana tundu la kupitisha ngumi na mama yake yuko mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

Kiangazi ninachokisimulia ni cha juzi tu. Mwishoni mwa mwezi wa sita mama mkwe alitoka kwake, ng'ambo ya Busisi, akaja kukaa nasi kwa sababu ya macho. Wiki hiyo hiyo binti yetu akarudi kutoka chuo kwa likizo ndefu. Ni mtoto wetu wa pekee. Baada yake mimba mbili ziliharibika, kisha kimya. Mume wangu hakuwahi kunisema kwa hilo hata siku moja, na mimi kwa miaka yote hiyo nikawa nasubiri siku atakayonisema. Mwanamume mwenye mtoto mmoja, tena wa kike, ana ndugu na ana mama, na hao wote wana midomo. Siku moja, nilijiambia, atapata mtoto nje na ndoa yangu itakwisha. Hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo.

Bibi na mjukuu walipokutana, basi tena. Bibi akimwita "mke mwenzangu," kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao, na binti naye anamjibu kwamba mume mwenyewe hawezi kumgawana na mzee asiye na meno. Wanacheka mpaka wanashikana. Asubuhi wanatandika mkeka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji, bibi anamfundisha kufuma kwa sindano mbili. Mimi nilijaribu kumfundisha mtoto huyo huyo alipokuwa na miaka kumi, akanitupia uzi. Sasa anakaa saa tatu nzima, mpole, amevaa dera lake pana, anafuma vitambaa vya makochi. Nikamshukuru Mungu kwamba chuo kimemtuliza. Hata zile suruali za kubana alizokuwa akigombana nami juu yake kaziacha mwenyewe, anashinda na madera. Nikawasifia majirani: mwanangu amekua.

Lakini nikitokea nyuma ya nyumba, maneno yanakatika. Bibi anasukuma kitu chini ya kanga yake.

"Unafuma nini, mama?" nikamuuliza siku moja.

"Nafuma vidole visilale, mkwe wangu."

Haya. Macho hayo ambayo kila baada ya wiki mbili yalipelekwa hospitali, yalikuwa yanahesabu vitanzi bila kukosa hata kimoja. Na safari zenyewe za hospitali! Wanaondoka asubuhi, bibi ameshikwa mkono na mjukuu, wanarudi alasiri wakiwa na machungwa. Nikiuliza daktari kasemaje, bibi anasema, "Kasema nirudi." Dawa sikuziona. Hata ile ya kudondoshea machoni sikuiona. Nilipowaambia nitawasindikiza, wote wawili waliruka kwa pamoja: kazi yako mama, shule zinafunguliwa, masweta ya watu! Nikasema moyoni, ala.

Mume wangu naye. Yeye ni fundi wa injini za mitumbwi, kazi zake nyingi ziko Kigongo na ng'ambo. Miaka yote alikuwa na kisingizio kimoja kizuri, foleni ya kivuko, na mimi sikuwa na la kusema maana foleni kweli ilikuwapo. Daraja likafunguliwa. Sasa ziwa mtu unalivuka kwa dakika chache, na bwana bado anarudi saa mbili usiku. "Injini hazijui kuwa kuna daraja," akaniambia, akacheka peke yake.

Halafu sweta likapotea. Mwezi wa saba asubuhi upepo wa ziwani unauma, akawa anatafuta sweta lake la zamani la kazini. Lile nililifuma mimi kwa mkono wangu, kabla sijanunua mashine. Uzi wa kijani ulinipungukia, nikaamua kufuma nyuzi mbili kwa pamoja, kijani na kijivu cha majivu, toka chini mpaka shingoni. Hakuna mtu mwingine hapa Mwanza aliyekuwa na sweta la rangi ile.

"Mke wangu, umeliweka wapi?"

"Mimi nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayelivaa."

"Labda ulimwazima mtu."

Nikamtazama. Akaenda kazini na koti la mvua. Mtu anayesahau nguo aliyoivaa miaka ishirini kaivulia mahali, na mahali penyewe pana kitanda. Ndivyo nilivyowaza.

Jumamosi moja bibi na mjukuu walikwenda sokoni. Nikaingia chumbani kwa mama mkwe. Siombi msamaha kwa hilo, ningekuwa muongo. Mkoba wake wa ukindu ulikuwa chini ya kitanda. Juu kulikuwa na vitambaa vya makochi vya binti, vyenye makosa yake. Chini yake kulikuwa na kofia iliyotosha kuvalishwa chungwa, soksi mbili ndogo kama vidole gumba, na kisweta kilichobaki mkono mmoja tu kumalizika. Kijani na kijivu. Pembeni kulikuwa na uzi uliofumuliwa na kufuliwa, umefungwa kwenye kipande cha mti ili ujinyooshe, maana uzi uliokaa ndani ya sweta miaka mingi haukubali kunyooka kwa siku moja.

Nikakaa sakafuni.

Ngoja nieleze, maana bila hili hutaelewa ujinga wangu. Kwetu, nguo ya kwanza kugusa mwili wa mtoto haiwi mpya. Hutengenezwa kwa nguo iliyovaliwa na baba yake, mtoto atoke aikute harufu ya mzazi wake. Binti yangu nilimzalia kwa mama yangu, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, na alipokelewa kwa shati la baba yake. Na mtoto hatajwi kabla hajalia. Ukimuona mzee anafuma kimya kimya, humuulizi. Kwa hiyo pale sakafuni sikuwa na la kupiga ramli. Sweta la mume wangu limefumuliwa. Mama yake ndiye anayefuma. Mimi nafichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Baba wa mtoto huyo nilikuwa nampakulia ugali kila siku.

Nilirudisha kila kitu kama nilivyokikuta. Wiki mbili nilizopika baada ya hapo, sijui niliwalisha nini. Binti akasema mboga haina chumvi, nikamwambia akale kwa bibi yake. Usiku nilimpa mume wangu mgongo. Akauliza, "Unaumwa?" Nikasema, "Nikiumwa utajua?" Jumatano nikafunga mashine nikaenda Kigongo mwenyewe, mahali anapokula mchana. Kulikuwa na mama lishe mnene, mcheshi, anayewajua wateja wake wote kwa jina. Nikakaa nikaagiza chai, macho yangu kwenye tumbo lake.

"Dada, wa lini huyo?" nikamuuliza.

"Huyo nani?"

"Wa tumboni."

Akaweka upawa chini. "Dada yangu, hili ni la chapati. Wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu."

Watu wa benchi zima wakacheka. Nililipa chai nikaiacha inafuka moshi. Aibu niliyoipata ingemtosha mtu mwenye akili. Mimi nikasema tu kwamba basi mwanamke mwenyewe yuko kwingine.

Jumapili tulikula pamoja, wote wanne, wali na sato wa nazi. Mama mkwe akamwambia binti, "Kula, mke mwenzangu, kula na hilo pande la tumbo la samaki, lina mafuta." Mume wangu akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Nikainuka, nikaenda chumbani kwa mama mkwe, nikarudi na mkoba, nikaumwaga mezani. Soksi moja ikaangukia kwenye mchuzi.

"Mwambie huyo mwanamke wako," nikamwambia mume wangu, "sweta nililifuma mimi. Kwa mikono hii. Mtoto wako avae, lakini ajue nani alilifuma."

"Mwanamke gani?"

"Weee! Usiniulize mimi! Muulize mama yako, yeye ndiye fundi wako!"

Alichukua kile kisweta, akakigeuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wa kila aina, nilikuwa na jibu la kila uongo. Sikuwa nimejiandaa kwa uso ule. Alikuwa kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. "Hili si sweta langu?" akasema. "Mama, umelifumua sweta langu?"

Mama mkwe alinigeukia mimi, macho yake yale yenye utando, akasema taratibu, "Mkwe wangu, kwenu mtoto anapokewa kwa nguo ya nani?"

"Ya baba yake!"

"Kwetu ni ya babu yake."

Nilisikia maneno, sikuyaelewa. Nilisimama pale nahesabu: babu, babu, babu wa nani? Baba mkwe alishakufa zamani. Binti yangu alikuwa anaiokota ile soksi kwenye mchuzi, anaikamua kwa vidole, machozi yanamdondoka kwenye sahani. Akasimama. Lile dera, upepo wa dirishani ukalibana mwilini, na mimi ninayeona kitanzi kilichoachia upande wa pili wa barabara, nikaliona tumbo la mwanangu kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi, mama," akasema. "Miezi mitano."

Mume wangu alikiweka kisweta mezani. Nakumbuka mama mkwe akieleza kwamba binti alimwandikia ujumbe tangu yuko chuo, na kwamba macho yake hayakuwa na miadi yoyote mjini, miadi ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Alikuja kwa ajili ya mtoto. Walipanga kuniambia, kila wiki walipanga, na kila wiki nilikuwa nimenuna.

Sasa ningeweza kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Maswali yalinijaa mdomoni yote kwa pamoja, ya nani, lini, wapi, ana kazi gani, kwao ni wapi, na nikafungua mdomo. Nikawaona wote watatu wananitazama, wanasubiri. Binti yangu alikuwa ameshika bega la bibi yake, na amerudi hatua moja nyuma. Mimi nipo hatua tatu kutoka kwake, sijainua hata mkono.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikauliza. Hilo ndilo lililotoka.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Ningekwambia, ungeuliza. Halafu ningejibu, na usingeniamini. Tangu niko mdogo, mama. Hata nikiumwa tumbo ulinishika kwanza paji la uso kuona kama nasema kweli. Bibi aliuliza kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Kama nakula vizuri."

Mume wangu aliinuka akatoka nje. Nilimsikia anapiga piga tangi la maji kwa kiganja, bila sababu. Nilimdhania uchafu wiki mbili nzima, na hakuwa na kosa lolote, hata kule kuchelewa kulikuwa kwa injini tu. Nilimwomba radhi jioni ile na akanisamehe haraka mno, kama mtu aliyezoea. Hilo nalo liliniuma.

Lakini pale mezani nilijaribu. Nilikusanya vile vitu vidogo, nikavirudisha mkobani kimoja kimoja, nikauliza kwa sauti ya chini kabisa niliyonayo, "Kliniki nyingine ni lini?"

"Jumanne."

"Nitakupeleka. Nitafunga mashine siku nzima."

Alimtazama bibi, akanitazama. Akanijibu kwa adabu, kama unavyomjibu jirani aliyekuja kukuazimisha mwavuli wakati wako unao.

"Usijisumbue, mama. Bibi atanipeleka."

Nikasema sawa, mwanangu. Jumanne asubuhi walipita mbele ya mashine wameshikana mikono, mmoja haoni vizuri na mwingine hana haraka. Kiangazi kizima nilitaka kujua wanakwenda wapi. Sasa nilijua, na sikualikwa.