Nyasi Alizopokea Shosho

Afisa wa probesheni alinipigia simu jana asubuhi nikikoroga chai, na mpaka sasa sijaketi mahali nikatulia. Alikuwa mpole, kijana wa watu. Alitaka kujua jambo moja tu. Wale vijana wawili waliovunja duka langu la dawa za mifugo wamekiri kosa, hawajawahi kushtakiwa, na kesho hakimu wa Kajiado atatoa hukumu. Je, mimi mwenye duka nina la kusema? Nikamwambia nitampigia. Sijampigia. Nimepanga upya kabati la vyombo, nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, na akili yangu, rafiki yangu, imekataa katakata kukaa hapa. Imerudi Kitengela ya utoto wangu, kwenye duka la mama.

Ungeiona Kitengela hiyo usingeamini ni hii. Maduka machache ya mabati kando ya barabara, halafu uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Punda milia walifika karibu na kamba zetu za nguo. Ng'ombe walipita mbele ya duka asubuhi na jioni, vumbi lao likatua juu ya mikate, na mama akalalamika maneno yaleyale kila siku kama sala. Ndani kulinukia mafuta ya taa, sabuni ya kipande na ugoro wa wazee. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga chupa za soda kwenye kreti. Siku hizo hukuuziwa soda bila kuleta chupa tupu, na mtoto aliyevunja chupa alianza kulia kabla hajaguswa.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Maziwa yale yalikuwa na vipunje vyeusi vya mkaa chini, na nikikuambia sijawahi kuonja mengine kama hayo tangu wakati ule, usidhani natia chumvi. "Takwenya," alinisalimia kila mara, nami nikajibu "Iko" huku nikiinamisha kichwa ili anishike utosini. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana la kufanya. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka korongo siku za mvua ili nisichelewe shule. Nilimpenda kuliko kaka zangu wa damu, ambao walinibeba kwa malipo ya mandazi.

Mwaka huo Shosho, mama yake mama, alikuwa amehamia kwetu kutoka Murang'a na sungura wake ndani ya kikapu. Majirani walikuja kuwatazama. Mnyama gani huyu, hakamwi, hachungwi, na anakula siku nzima? Nao walikula kwelikweli. Kiangazi kilikuwa kimeng'ang'ana, ardhi imepasuka, na Shosho alishinda akiokota maganda ya kabeji sokoni akiwaombea mvua.

Duka lilivunjwa Jumapili, watu wote wakiwa kanisani. Tuliporudi tulikuta mabati mawili yamefunuliwa juu na jua limemwagika kwenye rafu. Redio haikuwepo, sigara hazikuwepo, wala kadi za simu. Mama alikaa juu ya gunia la maharagwe akashika kichwa. Alikuwa amelijenga duka lile bati kwa bati, na karo yetu ilitoka humo.

Hawakufika mbali. Walikuwa wamebeba na kreti ya soda wakainywa yote korongoni, mtoto wa jirani na rafiki yake kutoka Kware. Sasa wewe niambie: mwizi gani hukumbuka kurudisha chupa? Lakini vijana wale walikuwa wamelelewa na mama zetu. Jumatatu walizipeleka chupa tupu kwenye duka la pili wakadai pesa za chupa, na mwenye duka, ambaye habari alishazisikia, akawakaribisha ndani vizuri na kumtuma mtu kituoni. Mwalimu wetu alitikisa kichwa akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msemo huo uliniudhi, maana mamaye alikuwa amemfunza, hata chupa alirudisha.

Kesho yake jirani alikuja kwetu. Mama alikuwa ameitwa kituoni kuandikisha maelezo, kwa hiyo tulikuwa mimi na Shosho. Nilimwona akipita kwenye ua polepole, amevaa shuka zake nzuri za kwendea harusi, na mkononi ameshika nyasi mbichi. Katika kiangazi kile! Kiswahili chake kilikuwa kibovu, na cha Shosho kilikuwa kibovu zaidi.

"Hii ni ya nyumba hii," akasema, akinyoosha mikono miwili.

"Asante sana, mama. Mungu akubariki," Shosho akasema, akazipokea.

Akamkaribisha kiti, akampa chai. Jirani aliinywa mpaka tone la mwisho, akamshika Shosho mkono kwa muda mrefu, akaenda zake akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Shosho naye alikwenda nyuma ya nyumba akawagawia sungura. Walizitafuna zote kabla mama hajarudi.

Tangu siku hiyo mambo yakaharibika. Vijana walipelekwa Kajiado, wakakiri, wakarudishwa rumande kungoja hukumu. Maziwa hayakuja tena. Jirani alipita langoni kwetu akitazama mbele, na nilipomwamkia hakunijibu. "Mtoto wake ameniibia," mama alifoka akipakua ugali, "na yeye ndiye amekasirika!" Tulikunywa chai ya rangi. Mimi sikulala vizuri wala sikula vizuri. Watoto shuleni walikuwa wameniambia kwamba mtu akishafungwa hurudi akiwa mtu mwingine, hata sauti hubadilika, nami nilimtaka yule aliyenibeba, na sauti yake ileile.

Siku ya hukumu shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mama alituchukua sote. Chumba cha mahakama kilijaa, madirisha yamefunguliwa na bado hakuna hewa. Vijana walikuwa wamenyolewa vichwa, na yule wa kwetu aliponiona alitazama chini. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani. Alisema kuvunja duka ni kosa kubwa na kwamba kifungo kiko wazi mbele yao. Kisha akauliza kama wazazi wana neno. Wa Kware hakuwa na mtu. Jirani akasimama, akasema Kimaasai, na karani, mzee wa Kimaasai mwenye mvi, akatafsiri.

"Mheshimiwa, anasema nyumba ya huyu mwenye duka ilimdanganya. Walipokea nyasi yake, wakampa chai, halafu wakaacha mtoto wake jela."

Nusu ya chumba ikaguna. Hakimu akauliza nyasi gani, na karani akaeleza kwamba kwa Wamaasai mtu akikujia na nyasi mkononi anaomba amani, na ukizipokea umeweka ugomvi chini.

"Ulipokea?" hakimu akamuuliza mama.

"Mimi sijaona nyasi yoyote, mheshimiwa."

Hapo Shosho akajiinua kwenye benchi, polepole, magoti yakimlalamikia. "Ni mimi nilichukua," akasema. "Mimi nilifikiri ni ya sungura."

Watu walicheka mpaka askari akawanyamazisha, na hakimu mwenyewe aliinama kama anayetafuta kalamu. Jirani hakucheka. Shosho pia hakucheka. Alimgeukia karani akaomba amuulize yule mama alizitoa wapi nyasi mbichi wakati kama ule. Jibu likarudi: alitoka alfajiri kwa miguu hadi mtoni, akazing'oa kwenye tope, akarudi juani amezifunika na shuka zisinyauke. Shosho alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akamwambia hakimu, "Sikujua. Lakini mkono ni wangu, na nimekula nyasi ya mtu."

Hakimu alisema sheria haifuati nyasi. Hata hivyo angependa kusikia mwenye duka anataka nini.

Mama alimtazama Shosho, kisha wale vijana. Nilimshika nguo nikaivuta, akanipiga kofi dogo la mkono bila kunitazama. Kofi hilo ni halali yangu.

"Mimi bado niko na hasira, mheshimiwa," akasema mwishowe. "Hata kesho nitakuwa nayo. Lakini huyu ni mama yangu, na amepokea. Sitaki wafungwe. Nataka wanirudishie mabati yangu pale juu."

"Na huyu mwingine, wa Kware? Hakuna aliyeleta nyasi kwa ajili yake," hakimu akasema.

"Sungura hawakuchagua," Shosho akadakia kabla mama hajafungua mdomo.

Wakapewa kifungo cha nje, na kazi ya kuchimba vyoo vya shule yetu chini ya jicho la mwalimu. Mabati waliyapigilia Jumamosi moja, mama amesimama chini na mikono kiunoni, akikosoa kila msumari. Kesho yake maziwa yakaja. Jirani na Shosho waliketi uani bila lugha ya pamoja wakacheka kitu ambacho mpaka leo sikijui.

Shosho alishazikwa. Jirani na mwanawe waliuza shamba wakahamia upande wa Mashuuru, na palipokuwa na zizi lao pana ghorofa zilizofunika mawingu. Sisi tuliosoma tumejenga mitaa yenye kuta na mageti. Vijana walionivunjia duka mimi nimewaona kwenye kamera tu, kutoka juu, vichwa viwili visivyo na nyuso. Mimi nauza dawa katika mji huohuo nilimozaliwa, na sijui hata mmoja wao ni mtoto wa nani. Inaniuma, na aibu yake sina pa kuificha.

Jioni hii nilishindwa kukaa ndani nikatoka hadi getini, nikamuuliza askari, kama mzaha tu, kama kuna mtu aliwahi kuja kuniulizia kuhusu ile kesi.

"Kuna mama alikuja wiki iliyopita, madam," akasema. "Alisimama hapo kwa jua karibu masaa sita. Nikamwambia wewe huoni watu bila kupigiwa simu."

"Akasema nini?"

"Aliniambia tu asante."

Hakuacha jina. Nimerudi ndani na sijampigia afisa. Kesho nitaamka alfajiri niwe Kajiado kabla milango ya mahakama haijafunguliwa, nisimame hapo nje, na kila mwanamke atakayekuja peke yake nimsalimie mimi kwanza.