Shangazi wa Shayiri Langoni

Enzi zetu pale Doornfontein, Johannesburg... najua mtacheka, maana enzi zenyewe ni 2016 na hakuna kati yetu aliyeota mvi. Lakini mliokulia ghorofani mnanielewa. Mpira tuliuchezea kwenye korido mpaka ugonge mlango wa mtu, na magwinya, yale maandazi ya moto ya huku, tukinunua spaza, kile kiduka cha kona, mafuta yanachuruzika mpaka kiwiko.

Na uoga tulikuwa nao, uoga wa maana. Maktaba ya shule ilikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani, sweta la kijani kiangazi na kipupwe. Kila Ijumaa alitusimulia viumbe wa kwao wanaochukua watoto. Kulikuwa na mzee wa ndoana anayewavutia kisimani, lakini aliyetutoa jasho ni Shangazi wa Shayiri, aliyejificha katikati ya mashamba, nguo nyeusi, vidole vya chuma. Huyo hakukimbizi. Anakuita taratibu, ana kitu kitamu mkononi, ukisogea ndiyo basi tena. Shayiri Johannesburg hatukuwahi kuiona, ila mimi tangu siku hiyo nilivuka barabara kukwepa majani marefu ya kiwanja kilichotazamana na shule.

Mwaka huo huo dada yake baba, Shangazi Mwanahamisi, akaja kutoka Tanga. Hakujaliwa mtoto, na mimi alinijua kwa picha tu. Alipofika tu, asubuhi nikiwa darasani, akamwomba baba amwache yeye aje kunichukua shuleni, iwe sapraizi. Baba akamwelekeza njia, mimi sikuambiwa kitu.

Natoka langoni namkuta: buibui jeusi tii, vidole vyeusi kwa piko, mkononi kifurushi cha halua, na nyuma yake yale majani.

"Zuhura, mwanangu, njoo."

Nikamjibu mama yangu yuko nyumbani. Akacheka, akasema, "Na mimi ni baba yako."

Kwao Tanga shangazi ni baba wa kike, hilo kila mtoto analijua. Mimi wa Joburg ningelijulia wapi? Nilipiga yowe, nikamng'ang'ania mlinzi kiunoni. Mlinzi akasema, "Eish, mama, subiri hapo kwanza." Shangazi akasubiri nusu saa juani, wazazi wote wanamtazama, mpaka baba akapigiwa simu akaja.

Nyumbani baba alicheka akakosa pumzi. Shangazi naye alicheka, kisha akaingia chumbani. Nilipochungulia alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Nikaenda kukaa karibu yake, ila halua sikuigusa mpaka alipoonja yeye.

Alikaa nasi miezi mitatu. Alinifundisha kuitika abee, na siku anaondoka ni yeye niliyemng'ang'ania kiunoni.

Mdogo wangu Swalehe, miaka minane, haogopi majani wala kisima. Mpe paswedi ya waifai, atakufuata mpaka Midrand. Namcheka, lakini mimi nami nina langu. Shangazi alikuwa akinipigia kila Ijumaa, na mara nyingi niliiacha simu iite, nikisema nitampigia baadaye. Mwaka jana alifariki.

Siku hizi nikipita kile kiwanja sivuki tena barabara. Napunguza mwendo. Siku Shangazi akiniita mwanangu kutoka humo majanini, nitaitika abee, niingie.