Sufuria ya Mama Yake Luz

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokikataa chakula cha mwenyeji wangu mbele ya macho yake. Mpaka leo nikikumbuka nauficha uso.

Nilikuwa fundi cherehani hapa hapa Dubai, mtaa wa Satwa, msichana wa Mombasa mwenye mdomo. Nikikaa bega kwa bega na Luz, Mfilipino, mpole kupita kiasi. Likizo moja akanichukua kwao, kijiji cha wakulima wa mpunga, majaruba yanakaribia mlangoni. Mama yake alinipokea kama aliyenizaa.

Mchana akaniandalia wali na mchuzi wa kuku. Mie nilishaona nguruwe kafungwa nyuma ya nyumba, moyo ukaingia shaka.

"Kula, dada," Luz akaniambia. "Ni halali."

"Wewe utaijulia wapi halali?" nikamjibu. Nikatoa biskuti mkobani, nikatafuna pale pale. Astaghafirullah! Yule mama hakujua Kiingereza, lakini hakuhitaji mkalimani. Akafunika sahani, akatoka kwenda kuwaangalia bata wake.

Tukarudi Dubai. Luz hakunisema, na mie kwa kiburi changu sikuuliza. Miaka ikapita, mama yake akafariki. Luz akaenda kuzika, akarudi na sufuria ndani ya begi, kama mpya, haina hata doa.

"Hii alikununulia wewe," akasema. "Hakutaka upikiwe kwenye sufuria iliyopikiwa nguruwe. Na yule kuku alimpeleka mji wa pili, kwa muuza nguo Mwislamu, amchinjie. Alikwenda kwa miguu, kuku kwapani. Ulipoondoka akaiosha sufuria, akaiweka. Alisema utarudi."

Nililia, mwanangu, mpaka arbab, tajiri wetu wa kazi, akazima cherehani zote. Radhi nimwombe nani? Khalas, kashazikwa.

Basi nakuusia. Dini yako ishike, wala sikwambii ule usichokijua. Lakini uliza kwa adabu, na ukijibiwa, msikilize anayekujibu. Ukikosea, usingoje, omba radhi siku ile ile. Mie nilikuwa na miaka mizima ya kuomba, nikaipoteza.

Wali huu ulio mbele yako umeiva katika sufuria ile. Haya, bismillahi, kula. Mungu akukutanishe na watu wema kila uendako, na akujaalie uwashukuru wangali hai.