Mtundu wa Mapishi

Mimi ndiye msomi wa nyumba yetu hapa Malindi, au nilikuwa hadi Jumatatu. Dada yangu Mwanakombo alitaka kazi ya upishi hotelini, nikamwandikia barua kwa Kiingereza. Nilitaka kumsifu kuwa ni mtundu wa mapishi. Kamusi ikanipa maneno matatu ya utundu. Nikachagua "wicked", maana ndilo lililonijaza mdomo.

Meneja, mama wa Kizungu ajuaye Kiswahili, aliisoma mbele yetu, akavua miwani.

"Mwanakombo, kaka yako ameandika kwamba wewe ni mwovu jikoni."

Dada alinikata jicho, akafunua bakuli la samaki wa kupaka alilokuja nalo.

"Onja, mama, kisha uhukumu."

Meneja akaonja, akaonja tena.

"Uovu huu uanze kazi kesho." Kisha akanigeukia. "Na hiyo barua nyingine mkononi?"

Ilikuwa yangu, ya kuomba ukarani.